Jumanne Ilikuwa Zamu ya Chini

Kwa miaka ishirini na miwili kijiji kizima kimemwita Bibi Shamba. Hata binti zake wawili walipoanza darasa la kwanza na kuulizwa jina la mama, kila mmoja kwa mwaka wake alijibu, "Bibi Shamba," na mwalimu akaandika hivyo hivyo.

Alifika akiwa na cheti cha kilimo, sanduku la bati na buti za mpira zilizomzidi ukubwa. Siku hizo mbegu za vitunguu zilimwagwa shambani kama mtu anayelisha kuku. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama kuotesha miche kitaluni na kuihamisha kwa mstari, akainama nao tuta kwa tuta mpaka kiuno kikagoma. Msimu wa pili vitunguu vikatoka vikubwa kama ngumi. Tangu hapo alijua shamba la nani lina chumvi, mfereji unavuja wapi, na nani hasalimiani na nani. Aliolewa hapo hapo na fundi baiskeli, mtu mpole anayeongea na magurudumu zaidi kuliko anavyoongea na watu.

Fundi alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye mama yao alimzaa akiwa amekwisha kugawa nguo za watoto. Bibi Shamba alipoolewa, shemeji yake huyu alikuwa na miaka minane. Ni yeye aliyemfundisha kusoma kipimo cha mvua na kupima mwinuko wa ardhi kwa bomba la mpira lililojazwa maji. Kijana akaenda shule ya bweni, akaenda chuo, na alipomaliza Bibi Shamba akamwombea nafasi ya kujitolea katika ofisi ya kilimo ya wilaya, kule mjini.

Kisha ikaja fomu. Wilaya ilipata nafasi moja ya kumpeleka mtu nchi ya mbali kwa miezi mitatu, akajifunze jinsi wanavijiji wa huko walivyojiinua kwa mikono yao. Bibi Shamba alikuwa ameomba safari hiyo miaka mitatu mfululizo. Mwaka huo fomu ilikuja na sharti jipya: mwombaji asizidi miaka thelathini na tano. Yeye alikuwa na arobaini na saba. Akampa shemeji yake. Na si kumpa tu, alimsaidia kuijaza. Pale palipoandikwa "Eleza hali ya kijiji chako", kijana aliandika mistari miwili akakwama.

"Shemeji, hapa niongeze nini?"

Bibi Shamba akavuta kiti, akaandika ukurasa mzima. Baadaye walisikia kwamba ukurasa ule ndio uliowavutia waliochagua.

Kwa hiyo maneno yake yalipanda ndege, yeye akabaki akikagua viwavi kwenye mahindi.

Shemeji alirudi amenenepa kidogo mashavu, amevaa kizibao cha kijani chenye nembo ya mafunzo kifuani. Mama mkwe, anayeishi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Fundi, alikigusa kile kizibao kama mtu anayegusa kitambaa cha harusi.

"Mkwe, umeona? Kina mifuko sita."

"Nimeona, mama."

"Sita! Na kila mmoja una zipu."

Siku zile neno "huko" lilikaa mezani kama mgeni asiyeaga. Huko watu wanaamka saa kumi na mbili. Huko hakuna anayechelewa. Huko hata watoto wanapanga viatu mlangoni. Bibi Shamba alianza kuyahesabu. Jioni moja, kabla sahani hazijaondolewa, alifika kumi na saba, akaacha.

"Una wivu," mumewe alimwambia kesho yake, akikaza spoku kibandani.

"Wivu wa nini? Wa kizibao?"

"Mimi sijataja kizibao. Umekitaja wewe."

Akamrushia kitambaa chenye mafuta na kuondoka, lakini njia nzima alijua kuwa mumewe amegonga penyewe.

Mkutano wa kijiji ulifanyika katika darasa kubwa la shule. Shemeji alibandika picha ubaoni: watu wa huko wamejipanga mstari mrefu wakipasiana mawe, wamevaa makoti mazito, na nyuma yao ardhi nyeupe. Alieleza vizuri, lazima isemwe. Huko serikali ilikipa kila kijiji mifuko ile ile ya saruji, haikuwaambia wajenge nini. Waamue wenyewe. Kijiji kilichoitumia vizuri kiliongezewa. Kilichoiacha igande stoo hakikupata tena. Hakuna kubembelezana. Na kila kijiji kiliwekewa kibao barabarani kinachosema kama kimelala, kimeamka au kinakimbia, ili jirani akisoma aone aibu au aone wivu, anyanyuke.

"Kwa hiyo dawa yenyewe ni wivu?" akauliza mmoja, darasa likacheka.

"Ndiyo, wivu wa maendeleo," shemeji akajibu akitabasamu.

Bibi Shamba, kwenye benchi la dirishani, hakucheka.

Kijiji chao kilikuwa kimepewa mifuko mia tatu ya majaribio. Waliamua bila ubishi mrefu: kusakafia mfereji. Mfereji wao unatoka mtoni, unapita kwanza mashamba ya Juu, halafu unateremka mashamba ya Chini, na nusu ya maji ilikuwa ikinywewa na mchanga kabla haijamfikia mtu. Shemeji akagawa saruji nusu kwa nusu, Juu na Chini, kila upande na kibao chake, washindane. Siku za kazi zikawa Jumanne na Alhamisi, kwa sababu Jumatatu alikuwa na kikao wilayani, Jumatano ni gulio, na kuanzia Ijumaa watu wana ibada zao. Siku ya kazi, banio, yaani lile lango la mbao linaloruhusu maji kutoka mtoni, lingefungwa alfajiri na kubaki limefungwa mpaka alfajiri ya pili, ili saruji ikauke.

"Kuna swali?" shemeji akauliza.

Watu wa Chini walitazamana. Mmoja alikohoa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Bibi Shamba alielewa palepale. Shemeji alikulia katika utaratibu wa zamani, ambapo kila siku iligawanywa: Juu wananywesha asubuhi, Chini mchana. Ukifunga banio siku yoyote, wote mnakosa sawasawa. Lakini miaka tisa nyuma, yeye akiwa shule ya bweni, mafuriko yalibomoa bwawa dogo lililokuwa likihifadhi maji ya mchana, na zamu zikabadilishwa. Juu wakachukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Chini wakachukua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili banio linapumzika. Maana yake, kila siku ya kazi ingekula zamu ya Chini, na kila likifunguliwa, maji yangewakuta Juu. Chini wangebaki na Jumamosi peke yake.

Watu wa Chini hawakusema kwa sababu waliamini anajua. Mtoto wa hapo hapo, shamba la mama yake liko Juu, atakosaje kujua? Walidhani amekusudia. Na mtu aliyekusudia kukunyang'anya humlalamikii mkutanoni ukampa raha.

Shemeji hakujua kwamba hajui. Katika darasa lile ni mtu mmoja tu aliyeziona pande zote mbili, naye alikuwa akikunja karatasi mapajani.

"Akiniuliza nitamwambia," alijiapia. "Mimi ni ofisa wa kijiji hiki. Ataniuliza."

Wiki ya kwanza alimuuliza chokaa inauzwa wapi. Wiki ya pili alimuuliza kama spika ya shule inaweza kuazimwa, maana huko kazi huanza kwa wimbo. Ikaazimwa. Saa kumi na mbili asubuhi wimbo wa shemeji ukalia kijiji kizima, mbuzi wakakata kamba, na bibi mmoja akatoka na mwiko akiuliza nani kafa. Watu wa Juu wakaamka kweli, wakasakafia. Kibao chao kikaandikwa mita arobaini, halafu tisini, halafu mia moja na arobaini. Kibao cha Chini kikabaki na sifuri, na chini ya sifuri, kwa rangi nyekundu, "IMELALA".

Shemeji aliwafuata majumbani. Kila mlango alijibiwa kwa adabu: tuna udhuru, kijana wetu.

Wiki ya tatu Bibi Shamba alipeleka ripoti ya mwezi wilayani, akakutana na mkubwa wake kwenye korido, pale karibu na kabati la mbegu.

"Tunataka mratibu wa kupeleka mpango huu vijiji vyote kumi na viwili vya kata," mkubwa akasema. "Shemeji yako akifaulu hapo, nafasi ni yake. Akishindwa, basi nitahitaji mtu mzoefu." Akampiga jicho. "Mtu mzoefu kama wewe."

Alirudi na baiskeli akiwa hasikii hata kilima. Kumi na viwili. Ofisi yenye mlango wake, pikipiki ya kazi, na watu wa vijiji kumi na viwili wakiuliza, Bibi Shamba amesemaje? Hakutakiwa kufanya lolote baya. Hakutakiwa kusema uongo. Alitakiwa kukaa kimya tu, jambo ambalo hata mawe huliweza.

Basi akakaa kimya. Na kimya kile kilikuwa na ladha. Jumanne alipita ng'ambo ya mfereji akamwona shemeji amesimama peke yake upande wa Chini, ameshika spika, kizibao kimeloa jasho, hakuna hata mtu mmoja aliyekuja. Bibi Shamba alijisikia mwepesi kama aliyevua buti. Halafu akajichukia, akakanyaga pedali kwa nguvu. Lakini ule wepesi aliusikia, hawezi kukana.

Wiki ya tano, Jumapili alipokwenda kazini kumalizia ripoti, alitembelewa na mjane mmoja wa Chini, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka bonde, ndiyo maana wanamwita Komando. Aliingia ofisini, chumba ambacho Bibi Shamba hugawana na mchanja mifugo, akakaa juu ya mfuko wa mbolea bila kungoja kiti.

"Dada, mwambie shemeji yako, kama ametumwa na mama yake kuyanywesha mashamba ya Juu, aseme. Tujue moja."

"Mimi simo."

"Najua humo. Tunajua hukupendezwa tangu mwanzo. Watu wanasema, hii kazi angepewa Bibi Shamba, haya yasingetokea."

Maneno yale yalimshuka kooni kama chai yenye sukari nyingi. Alitaka ayasikie tena. Karibu amwambie Komando arudie.

"Twende ukaone," Komando akasema.

Walikwenda. Shamba la Komando lilikuwa robo eka, mistari imenyooka vile alivyowafundisha. Majani ya vitunguu yalikuwa yameungua ncha, yamelala chini kama nywele za mgonjwa. Komando aling'oa kimoja bila kutumia nguvu, akakiweka kiganjani mwa Bibi Shamba. Kilikuwa kidogo kama gololi. Kwa umri ule kilitakiwa kujaza mkono.

"Bado wiki mbili hivi vivunwe," Bibi Shamba akasema polepole. Hakuwa akisema na mtu. "Vikipata maji wiki hii, vitavimba. Visipopata, ndio basi."

"Hatungoji wiki mbili. Jumanne tunakuja mferejini, Chini nzima. Na nyundo. Ile sakafu yao tutairudisha mchanga."

"Komando!"

"Nini? Si alisema tuone wivu tunyanyuke? Tumenyanyuka."

Bibi Shamba alirudi nyumbani siku ile ile, Jumapili mchana, akiwa ameamua. Angemwambia sasa hivi, kabla ya kuvua buti. Shemeji alikuwa sebuleni, amejaza karatasi mezani, mama yake pembeni akimpepea kwa gazeti.

"Afadhali umekuja, shemeji!" kijana akasema, na uso wake ulikuwa umechoka. "Hebu nisaidie. Natuma ripoti wilayani. Watu wa Chini niwaandikeje? 'Wavivu' naona ni kali."

"Andika walivyo," mama mkwe akasema. "Watu wa Chini tangu zamani miguu yao mizito."

"Shemeji, kuhusu Chini..." Bibi Shamba akaanza.

"Unajua huko walitufundisha nini?" shemeji akamkatiza, si kwa ubaya, kwa ile hamu ya mtu aliyejaa. "Kwamba ugumu wote uko kwenye fikra. Bwana shamba wa zamani alitoa maagizo, basi. Kazi yake ilikuwa kamba na mbegu. Mtaalamu wa sasa anaamsha moyo wa watu. Ndiyo tofauti."

Kijana hakujua uzito wa alichosema. Mama yake alitikisa kichwa kwa fahari.

Miaka ishirini na miwili, kamba na mbegu. Bibi Shamba alihisi kitu kimepanda kutoka tumboni mpaka masikioni, cha moto.

"Andika 'hawajaamka'," akasema.

"'Hawajaamka.' Safi sana, shemeji. Asante."

Akaenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumatatu hakusema. Shemeji alikuwa wilayani tangu asubuhi, na yeye alijipa sababu hiyo, ingawa simu anayo. Mumewe alimtazama akijaribu kula, akasema, "Leo hata kuninunia huninunii. Kuna nini?" Akainuka kuondoa sahani.

Jumanne wimbo ulipolia, alikuwa amekwisha kufika kwenye banio. Mto ulikuwa ukiguna nyuma ya mbao. Kufikia saa mbili, hatua thelathini chini yake, watu wa Juu walikuwa wakilainisha sakafu ya asubuhi ile, mita kumi hivi, bado inang'aa kwa ubichi. Shemeji alikuwa kati yao, amekunja suruali magotini. Akainua uso, akaona vumbi njiani.

Walikuja Chini nzima, wanawake kwa wanaume, watu wasiopungua sitini, Komando mbele. Shemeji aliangusha mwiko wa saruji. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeona mzazi karudi safari. Akashika spika.

"Karibuni! Karibuni Chini! Nilijua! Niliwaambia wilayani kwamba wataamka! Makofi kwa Chini!"

Watu wa Juu walianza kupiga makofi. Kisha wakaona nyundo, na makofi yakafa moja moja. Shemeji peke yake aliendelea kupiga, akicheka, akiwaendea kwa mikono wazi.

Kuna aibu ambayo mtu akiitazama kwa mwenzake haivumiliki, hata kama mwenzake huyo umemwombea mabaya kwa wiki tano. Bibi Shamba alishika mbao ya banio kwa mikono miwili, akaivuta. Ilikataa. Akapanda juu ya ukingo, akaweka goti, akavuta tena, na mbao ikatoka kwa kishindo. Maji yakaruka mferejini. Yakafika kwenye sakafu mbichi, yakaibeba, yakageuka rangi ya maziwa, yakapita miguuni mwa watu wa Juu waliokuwa wakipiga kelele, yakateremka Chini.

Wenye nyundo walisimama. Walikuwa wamekuja kuvunja, na mtu kawatangulia.

"Shemeji!" kijana alikuwa akikimbia kupanda ukingo. "Umefanya nini? Umefanya nini, shemeji?"

"Leo siku gani?"

"Nini?"

"Nakuuliza, leo siku gani?"

"Jumanne!"

"Jumanne ni zamu ya Chini," Bibi Shamba akasema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyotaka. "Na Alhamisi. Tangu mafuriko. Zamu zilibadilishwa wewe uko shule. Umewafungia maji yao mara kumi, na kila mara umewafungulia Juu."

Shemeji alitazama maji. Akawatazama watu wa Chini. Halafu, taratibu, akageuka kulitazama shamba la mama yake, la Juu, lililokuwa kijani kama kizibao chake.

"Mlidhani nimefanya makusudi?" akauliza.

"Ulitaka tudhani nini?" Komando akajibu, lakini si kwa sauti yake ya kawaida.

"Mbona hakuna aliyeniambia? Wiki tano! Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sijui?"

Bibi Shamba angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa shujaa wa asubuhi ile, nusu ya watu walikuwa tayari wakimtazama kwa macho ya zamani. Mbao ya banio ilikuwa ikidondosha maji kwenye buti zake.

"Mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ya mkutano."

Hapo hata Komando alishusha nyundo.

Walizungumza siku ile, wawili, wamekaa juu ya mifuko ya saruji iliyobaki. Shemeji alikwangua saruji iliyomkaukia viganjani. Kisha shemeji akasema jambo ambalo Bibi Shamba hakulitarajia.

"Huko walifanya kazi hii majira ya baridi. Ardhi imeganda, hakuna anayelima, watu wamekaa ndani miezi mitatu hawana la kufanya. Ndiyo maana wale wa kwenye picha wana makoti. Nimeibeba picha ile nchi mbili, nimeibandika kila ubao, na sikuwahi kujiuliza kwa nini wamevaa makoti."

"Mimi niliyaona makoti siku ya kwanza," Bibi Shamba akasema.

"Na hilo nalo ukanyamazia."

"Na hilo nalo."

Shemeji akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hapa hakuna miezi ya kukaa bure. Maji yakisimama siku moja, kuna mtu analipa."

Utaratibu mpya ulichukua mikutano mitatu na matusi kadhaa. Upande unaosakafiwa ndio unaotoa maji yake: Juu wanasakafia Jumatatu, shemeji awepo asiwepo, na Ijumaa kabla ya ibada, Chini wanachagua wenyewe. Vile vibao viwili vikang'olewa, kikawekwa kimoja chenye jumla ya mita, kwa sababu watu wa huko walishindana kijiji na kijiji, si jirani na jirani wanaokunywa mfereji mmoja. Wimbo ukahamishiwa saa moja, kwa heshima ya mbuzi. Kuhusu zamu kumi zilizopotea, Chini walidai zote, Juu wakatoa nne, wakakutana kwenye sita. Vitunguu vya Komando vilivimba, si vyote. Mistari mitatu ya mwisho aliing'oa akawapa kuku.

Mkubwa wa wilaya alikuja na wenzake wawili kukagua. Walitembea mfereji wote, mita mia saba na ishirini, wakapima, wakaridhika. Baadaye, katika chumba cha ofisi, wakiwa wanne tu na shemeji, mkubwa alifungua daftari.

"Nimesikia habari za banio," akasema. "Mama, ulijua wiki tano. Shamba la watu linakauka. Kwa nini hukusema?"

Bibi Shamba alikuwa ameandaa majibu matatu mazuri njiani. Kwamba hakuulizwa. Kwamba si mpango wake. Kwamba alitaka kijana ajifunze.

"Wivu," akasema. "Niliona wivu."

Mmoja wa wageni alikohoa. Shemeji akatazama sakafu, masikio yamemwiva. Mkubwa alikaa na kalamu hewani, kwa sababu ni jibu ambalo halina sehemu yake katika daftari la wilaya. Mwishowe hakuandika kitu.

"Unajua siwezi kukupa uratibu," akasema.

"Najua."

Nafasi ilipewa shemeji. Mama mkwe alitangaza habari hiyo mpaka kwa muuza mkaa. Bibi Shamba alimsikiliza akichambua mboga, na alihisi ule moto wa zamani ukipanda tumboni vilevile, bila aibu, kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa ametegemea kwamba ukiukiri hadharani utatoka. Haukutoka. Ulikuwa umejifunza tu kukaa kimya wakati mtu anachambua mboga.

Kijiji cha kwanza cha mpango kilikuwa cha ng'ambo ya kilima, kisicho na mfereji ila visima viwili. Shemeji alimwomba Bibi Shamba waende pamoja. "Sitaki kwenda peke yangu," alimwambia, akimshikia baiskeli. Njiani Bibi Shamba alijipanga. Alivijua visima vile, alijua udongo wao, alikuwa na mambo sita ya kusema, akayarudia kimoyomoyo yasimtoke.

Walipofika, watu wakakaa. Hakukuwa na picha ubaoni safari hii. Shemeji hakuwa amevaa kizibao. Alichukua kiti kidogo, akakiburuta mpaka kwa mama mmoja mnene aliyekuwa mbele na ndoo yake, akakaa kwa namna ambayo kichwa chake kikawa chini ya cha yule mama, akafungua daftari.

"Mama, mimi ni mgeni hapa," akasema. "Naomba unianzie mwanzo. Kisimani anatangulia nani? Na siku gani ambayo, tukiwaambia watu waje kazini, mtu fulani ataumia?"

Yule mama alistaajabu, kisha akaanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliongea akionyesha kwa kidole, akirudi nyuma kusahihisha, akiwaita wenzake washuhudie, na shemeji akaandika kila neno, akisema, "Ehe. Ehe. Halafu?" Nusu saa ikapita. Hakugeuka hata mara moja kumtazama Bibi Shamba.

Bibi Shamba alikaa na mambo yake sita. Mawili yule mama alikwisha kuyasema, na la tatu alilisema tofauti kabisa na alivyolijua yeye, na alipolifikiria vizuri akaona yule mama ndiye yuko sahihi. Alimtazama mwanamke yule, ndoo yake, uso wake uliochanua kwa kuulizwa, akamwonea wivu mpaka meno yakauma.

Kisha akanyanyuka, akachukua benchi lake, akalisogeza karibu ili asikie vizuri.